Vaibreta Inanguruma, Hopa Haishushi: Tuanzie Wapi?

Ukiingia kwenye kiwanda kidogo cha vyakula vya mifugo, tazama koni ya hopa, yaani sehemu ya chini iliyosinyaa ya lile pipa la bati la kuwekea pumba, kabla ya kutazama mashine. Bati likiwa na mabonde ya nyundo kuanzia mdomoni hadi usawa wa kifua, umeshajua yaliyopita: pumba iligoma kushuka, wakagonga, ikagoma tena, wakagonga kwa nguvu zaidi, mwisho mwenye kiwanda akachoka kumlipa kijana wa kushinda na nyundo, akanunua mota ya mtikisiko, ile tunayoiita vaibreta. Sasa vaibreta ipo, inanguruma mpaka madirisha yanalia, na pumba bado imekaa palepale.

Mwongozo huu ni wa hali hiyo. Unahusu hopa, mifereji ya kulishia na chekeche za viwanda vya vyakula vya mifugo na mashine za nafaka, pale ambapo mtikisiko umewekwa ili mali, yaani pumba, unga au nafaka iliyomo, iteleze kwenye bati. Mengi yanafaa pia kwa chokaa, chumvi na saruji. Hauhusu vaibreta ya zege yenye mpira mrefu. Kuna wanaoitumbukiza kwenye pumba kwa kukata tamaa. Inachimba shimo pale ilipoingia, inashindilia pembeni yake, basi.

Vaibreta haisukumi

Wengi hudhani vaibreta inaisukuma mali chini. Kinachoisukuma ni uzito wake yenyewe. Kazi ya vaibreta ni kupunguza msuguano kati ya mali na bati, ili uzito huo upate nafasi. Inafanya hivyo kwa njia mbili.

Ya kwanza ni rahisi kuiona. Bati likirudi nyuma ghafla, mali haiwahi kulifuata, kwa hiyo kwa kitambo kifupi sana inalikandamiza kidogo kuliko kawaida. Msuguano unategemea mkandamizo; mkandamizo ukipungua, na wenyewe unapungua. Kwenye mfereji uliolala, mtikisiko ukizidi mvutano wa ardhi, mali inaruka na kuachana na bati kabisa, tena makumi ya mara kwa sekunde.

Njia ya pili haijulikani sana, na ndiyo inayoeleza kwa nini hata mtikisiko mdogo husaidia. Msuguano hupinga mwendo uliopo wakati ule ule. Pumba inayoteleza polepole kwenye bati lililotulia hupingwa muda wote. Lakini bati likienda juu na chini kwa kasi kuliko pumba inavyoteremka, kuna nusu ya muda ambapo bati ndilo linalotangulia kushuka, na hapo msuguano unaivuta pumba chini badala ya kuizuia. Kwa wastani vuta-nikuvute hiyo inakaribia kufutana. Hesabu yake si ngumu: mota ya mizunguko 3,000 kwa dakika ikilitikisa bati nusu milimita kila upande, bati linafikia kasi ya takriban sentimita 16 kwa sekunde. Pumba inayojikokota ukutani haifiki huko hata kwa mbali. Ni kanuni ileile ya fundi anayegonga kioo cha geji kwa kidole ili mshale ulegee kabla hajausoma.

Kuna jambo la tatu, na hili ndilo linalotatua nusu ya malalamiko yote. Mwaka 1895 Mjerumani H. A. Janssen alionyesha kwamba ndani ya ghala refu la nafaka mkandamizo wa chini hauendelei kupanda kadiri unavyojaza, kwa sababu msuguano wa kuta unabeba sehemu kubwa ya uzito. Sasa fikiria unapowasha vaibreta: unaziambia kuta ziachie. Uzito zilioubeba wote unateremkia mdomoni kwa mpigo. Kilango cha mdomoni kikiwa wazi, mali inatoka. Kilango kikiwa kimefungwa, inashindiliwa.

Kabla ya kushika spana

Zima swichi kuu, ifunge kwa kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwako. Mtu asiingie kwenye hopa yenye mali hata kama "imeganda kabisa". Ikiachia inamzika kabla hajapiga kelele, na kumvuta mtu aliyezama kifuani kwenye nafaka ni kazi isiyowezekana kwa mikono. Ukihitaji kuchomelea, hopa iwe tupu na vumbi limefagiwa ndani na nje. Vumbi la unga linalopeperuka hushika moto kwa mlipuko, halichagui kiwanda kikubwa wala kidogo.

Kisha uliza swali moja: mali imegoma wapi? Panda ngazi, mulika tochi kwa juu. Kila jibu lina chanzo chake, na dawa ya moja inaweza kuwa sumu kwa jingine.

Inashuka vizuri mwanzoni, halafu inaganda kuliko ilivyokuwa

Hii ndiyo dalili ninayoipa uzito kuliko zote, kwa kuwa watu huijibu kwa kuongeza mtikisiko na kuzidi kuiharibu.

Angalia mwenye mashine anavyowasha. Mara nyingi vaibreta imeunganishwa na swichi ya mashine nzima, au inawashwa asubuhi na kuzimwa jioni. Mikseri inapokuwa na kazi yake, kilango cha hopa kimefungwa, lakini vaibreta inaendelea. Kila sekunde inayopita punje zinasogea, nafasi za hewa zinazibwa, uzito ulioachiwa na kuta unashuka, na pale juu ya kilango panatengenezwa tofali. Mchanganyiko wenye mashudu ya alizeti yenye mafuta mengi, au dagaa waliosagwa, huganda upesi zaidi. Wenye molasi ndio usiseme.

Ukitaka uhakika, fungua kilango na uchome mali kwa waya mnene. Ikiwa sentimita 20 za chini zinaubana waya na juu yake waya unapita kama kwenye mchanga mkavu, basi vaibreta ndiyo iliyolitengeneza tatizo.

Dawa ni ya umeme, si ya nguvu. Weka limit swichi, swichi inayobonyezwa na kilango chenyewe, kwenye kilango, ili vaibreta isipate umeme kilango kikiwa kimefungwa. Ongeza taima: itikise sekunde 5 hadi 10, inyamaze, irudie tu kama mali imesimama. Taima na limit swichi kwa pamoja ni bei ndogo kuliko mota mpya, na mara nyingi kazi inaishia hapo. Pasipo hela ya taima, weka swichi ya kubonyeza inayojirudisha yenyewe, karibu na kilango, ili mtu aibonyeze mali ikisimama na kuiachia ikitembea. Kinachotakiwa ni kuvunja ule msuguano wa kuanzia. Mali ikishaanza kutembea, mara nyingi inajiendea.

Kama mali inakaa kwenye hopa usiku kucha au wikendi nzima, jua kuwa itajishindilia yenyewe hata bila vaibreta. Jioni acha hopa tupu. Ikishindikana, asubuhi fungua kilango kwanza, subiri, ndipo utikise.

Kisima katikati, kuta zimejaa

Ukimulika kwa juu unaona tundu limenyooka hadi mdomoni, na pembeni mali imesimama wima. Iliyoshuka ni ya katikati tu. Hapa kweli msuguano wa ukutani ni tatizo, na vaibreta ina haki ya kuwapo. Lakini tazama pembe ya koni kwanza.

Mafundi wetu wengi huunda hopa ya pande nne kwa sababu ni rahisi kukata bati. Wanalaza pande kwa nyuzi 60 kutoka mlalo, wanaridhika. Wanachosahau ni kona. Mahali pande mbili zinapokutana, mteremko wa ile kona si nyuzi 60 tena. Ukipiga hesabu unapata kama 51. Pande zikiwa nyuzi 50, kona inabaki na kama 40, na hapo pumba inajenga makazi. Ndiyo maana mali hubaki kwenye kona hata pale pande zinapong'aa. Pima kona kwa kipimapembe, au weka kipande cha chuma bapa kwenye kona na simu yenye programu ya kupima mlalo.

Kama kona iko chini ya nyuzi 45, usinunue vaibreta kubwa zaidi. Jaza kona kwa bati la pembetatu lililokunjwa kwa duara, ili kusiwe na pembe kali ndani. Kazi hiyo inamaliza karatasi moja ya bati na siku moja ya fundi.

Halafu pitisha kiganja ndani ya koni iliyo tupu, ukianzia juu kushuka. Hapa ndipo nyundo inapodai deni lake. Kila pigo la nje limeacha uvimbe ndani, na mali haitelezi juu ya uvimbe, inakaa juu yake. Utagusa pia mshono wa kuchomelea uliovuka mteremko, kutu, na ganda gumu la unga wa miaka. Saga mishono kwa grainda, rudisha mabonde, ondoa ganda. Rangi ya mafuta ndani ya koni haifai: ikikauka vibaya inanata, na ikibanduka inaingia kwenye chakula. Bati la pua lisiloshika kutu, au karatasi ya plastiki ngumu nyeupe ile ya mbao za kukatia nyama buchani, ikifungwa vizuri kwa bolti za kichwa bapa, hupunguza msuguano muda wote bila umeme. Nimependelea hilo mara nyingi kuliko vaibreta ya pili.

Kama pembe ni nzuri na bati ni laini, basi hamishia macho kwenye mahali vaibreta ilipofungwa. Ikiwa juu, kwenye sehemu ya wima ya hopa, inatikisa mali ambayo haikuwa na shida. Iweke kwenye koni, kama robo hadi theluthi ya urefu wa koni kutoka mdomoni. Kwa ukubwa, kanuni ya mafundi ni nguvu ya kilo 1 kwa kila kilo 10 za mali iliyomo ndani ya koni. Ya koni tu, usihesabu hopa nzima. Wengi huhesabu hopa nzima, wanapata mota kubwa mara tatu, na mwaka haufiki bati linapasuka.

Daraja juu ya mdomo

Mdomo ni mtupu, ukichungulia kwa chini unaona dari ya unga. Mali imejibana upande hadi upande. Hapa shida ni punje kushikana zenyewe kwa zenyewe, na vaibreta ya ukutani ina msaada mdogo. Andrew Jenike, aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Utah miaka ya 1950 na 1960, ndiye aliyeonyesha jinsi ya kukadiria upana wa mdomo ambao daraja haliwezi kusimama juu yake: mali inayoshikana zaidi inadai mdomo mpana zaidi. Mdomo wa sentimita 15 unaopitisha mahindi mazima bila shida yoyote unaweza kugoma kabisa kwa pumba laini.

Kabla ya kukata bati, angalia unyevu. Mahindi ya kuhifadhi hayatakiwi kuzidi unyevu wa asilimia 13.5. Yakisagwa yakiwa na zaidi, unga unatoka wa moto na mbichi, mvuke unagandia kwenye bati baridi la hopa usiku, na asubuhi una ganda la uji ukutani. Tanga, Mombasa, Unguja, popote penye hewa ya bahari, hata pumba kavu hunyonya unyevu ikiachwa wazi siku mbili tatu. Kama tatizo huja msimu wa masika na kuondoka kiangazi, acha vaibreta ilivyo. Shughulikia paa na magunia.

Sakafu inatikisika, hopa imetulia

Weka kiganja kwenye koni, halafu kwenye nguzo. Nguzo ikikurudishia mtikisiko mwingi kuliko koni, nguvu yako inapotelea kwenye jengo.

Chanzo cha kawaida ni hopa kuchomelewa moja kwa moja kwenye fremu, na fremu kufungwa kwenye zege. Weka raba nene kati ya masikio ya hopa na fremu. Angalia pia bomba la chini: hopa ikiunganishwa na mikseri kwa bati gumu, umeifunga mguu. Kata bati hilo, acha nafasi ya vidole vitatu hivi, funga kanvasi kwa bendi. Na kama hopa imekaa juu ya mzani wa umeme, usisome uzito vaibreta ikiwa inazunguka. Izime, acha tarakimu zitulie.

Chanzo kingine ni bati lenyewe kuwa jembamba. Vaibreta iliyofungwa kwenye bati tupu inalipigisha makofi pale tu ilipo, kama sahani ya kipenyo cha kiganja, na mtikisiko hausambai. Inataka chaneli ya chuma iliyochomelewa kwenye mteremko, ndefu kiasi cha kushika sehemu kubwa ya upande ule, na juu ya chaneli sahani nene ya kufungia mota. Chaneli ichomelewe kwa vipande: mshono, nafasi, mshono. Ncha zake ziachwe bila mshono. Ukizungushia mshono hadi kwenye pembe za ncha, ufa utaanzia hapo hapo.

Mali inacheza palepale kwenye mfereji

Sasa tuko kwenye mfereji wa kulishia wenye mota mbili. Mali inaruka, inazunguka, haisogei mbele. Au inasogea upande mmoja tu.

Kwenye mfereji mtikisiko una kazi mbili: kupunguza msuguano na kuitupa mali mbele. Ili itupwe mbele, bati lazima liende kwa mstari ulionyooka, ulioinama. Mota mbili zinazozunguka kinyume, zikiwa zimefungwa kwenye mwili mmoja mgumu, hujipatanisha zenyewe bila mnyororo wala gia: kusukumana kwa pembeni kunafutana, kunabaki kwa mbele. Mholanzi Christiaan Huygens aliona jambo la jamii hiyo mwaka 1665, saa zake mbili za pendulamu zilizotundikwa kwenye boriti moja zilipoanza kwenda sambamba zenyewe. Lakini mota zako mbili zikizunguka upande mmoja, unapata mduara, na mali inacheza ngoma mahali pamoja.

Kujua, huhitaji kifaa cha gharama. Bandika karatasi nyeupe kwa selotepu ubavuni mwa mfereji. Egemeza kiwiko kwenye kitu kisichotikisika, shika penseli iliyochongwa ikiielekea karatasi moja kwa moja, iguse kwa sekunde moja tu, uondoe. Kuna mchoro mdogo umebaki. Mstari ulionyooka na kuinama: mota zinaelewana. Mduara: zinazunguka upande mmoja, badilishanisha waya mbili za fezi (zile tatu zinazoleta umeme) kwenye mota moja tu, yoyote. Yai jembamba: vyuma vya uzito vya mota mbili, vile vinavyozunguka nazo na kuleta mtikisiko, havilingani. Rudia mwanzo na mwisho wa mfereji, kulia na kushoto. Michoro ikitofautiana, kuna springi iliyochoka au ufa.

Pima na urefu wa ule mstari. Kwa mota ya mizunguko 1,500 kwa dakika, mstari wa milimita 4 maana yake bati linakwenda milimita 2 kila upande, na mtikisiko ni kama mara 5 ya mvutano wa ardhi. Pumba itakwenda vizuri. Mstari wa milimita 1 ni mara 1 na robo hivi. Mali itajivuta tu. Mota ya mizunguko 3,000 inafikia mara 5 ileile kwa mstari wa milimita 1, kwa sababu kasi inaingia kwenye hesabu ikiwa imejizidisha yenyewe. Kwa hiyo usilinganishe michoro ya mota za kasi tofauti. Unga mkavu na laini unapenda kasi kubwa na hatua fupi. Mali nzito, yenye unyevu au mabonge, inataka hatua ndefu na kasi ndogo.

Ilikuwa na nguvu, sasa imelegea

Kama inanguruma kwa sauti nzito na bati halitikisiki kabisa, fezi moja imekufa. Zima haraka, mota inaungua. Angalia fyuzi, kontakta (swichi ya sumaku inayowasha mota), na zaidi waya unaoingia kwenye mota. Waya huo unatikisika maisha yake yote. Ukiwa umefungwa kwa kukaza au unasugua ukingo wa bati, nyuzi hukatika ndani huku ngozi ya nje ikiwa nzima. Tumia waya laini wa mpira, acha kitanzi.

Kama inazunguka lakini inachelewa kuchangamka, pima umeme vaibreta ikiwa inawaka, pamoja na kinu cha nyundo, ile mashine ya kusagia. Volti zikishuka asilimia 10, nguvu ya mota kuanza kuzunguka inashuka karibu asilimia 19, na mota ya mtikisiko ina vyuma vizito vya kuinua pale mwanzo. Huenda ukawasha vaibreta kwanza, kinu baadaye, na shida ikaisha.

Mota ya mtumba kutoka Marekani ina mtego wake. Soma kibati: ikiandikwa Hz 60 (mizunguko ya umeme kwa sekunde), huku kwetu kwenye Hz 50 itazunguka polepole na nguvu yake ya kutikisa itabaki kama asilimia 69. Watu wanaongeza vyuma vya uzito hadi mwisho kufidia, lakini ukiipa volti zilezile za kibati kwa Hz 50 inapata joto kuliko ilivyopangiwa. Na kinyume chake: ukifunga kifaa cha kubadili kasi kwenye mota ya Hz 50 ukaipandisha hadi 60, nguvu inaongezeka asilimia 44. Beringi na bati havikuambiwa habari hiyo. Ukitaka kupandisha kasi, punguza vyuma kwanza.

Vyuma vya uzito viko pande zote mbili za mota, chini ya vifuniko. Vifungue vyote viwili. Viwe na pembe moja na vimeelekea upande mmoja. Fundi akirekebisha kimoja na kusahau kingine, mota inajipinda badala ya kutikisa, na beringi ya upande mmoja ndiyo inayolipa.

Kwa vaibreta inayoendeshwa na upepo wa kompresa, angalia maji kwenye kompresa na kizuia sauti kilichojaa vumbi. Kivue, kipulize. Mara nyingi ni hicho tu.

Hopa inaruka kama kichaa inapozimwa

Kwa sekunde chache wakati wa kusimama ni kawaida. Kasi inaposhuka inapitia kasi ambayo hopa na raba zake hupenda kutikisika, na hapo mtikisiko unakua. Ikidumu, au ikigonga fremu, raba au springi zimechoka, au moja imevunjika. Badilisha zote kwa pamoja. Mpya moja kati ya kuukuu tatu inageuza mfereji kuwa mlemavu.

Bolti zinalegea

Zisilegee. Tumia bolti za daraja la nguvu 8.8, nati za kujifunga, na sahani iliyosagwa ikawa bapa kweli. Rangi iliyobaki kati ya mota na sahani itasagika, na bolti italegea hata uikaze vipi. Kaza tena baada ya saa ya kwanza ya kazi, kisha mwisho wa siku. Bolti iliyolegea ikafanya kazi ibadilishwe, isirudishwe. Funga na mnyororo wa usalama au kamba ya chuma kutoka mota hadi kwenye fremu, kwa sababu ikidondoka inadondokea mtu wa kufunga magunia.

Inashuka vizuri, ila wafugaji wanalalamika

Mfuko mmoja una chokaa tele, mwingine hauna. Mtikisiko unachuja: punje ndogo na nzito zinapenya chini katikati ya kubwa. Chakula kilichokwisha kuchanganywa kisikae kwenye hopa inayotikiswa. Kikitoka mikseri kiende mfukoni. Vaibreta ibaki kwenye hopa za mali ghafi.

Mota inapata joto upande mmoja

Mota hizi zina joto hata zikiwa nzima, kwa hiyo usihukumu kwa joto peke yake. Linganisha ncha mbili. Ncha moja ikiwa ya moto sana kuliko nyingine, au ikitoa sauti ya kukwaruza ukiigusa kwa bisibisi ndefu na kuweka sikio kwenye mpini, beringi inaaga. Angalia kama vyuma vya ncha hizo mbili vinalingana kabla ya kununua nyingine. Beringi mpya iwe ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha mota, yenye nafasi ya ndani inayofaa mtikisiko. Ya kawaida ya dukani, hata ikiwa na namba inayokaribiana, haitakaa. Grisi ni kidogo kwa kipimo. Ukijaza hadi ikavuja, joto litapanda zaidi, na kesho utaitwa tena.